Kitenzi "Get" cha Kiingereza: Asili Yake, Safari Yake, na Funzo Lake kwa Mwalimu wa Kiswahili

Utangulizi

Mwanafunzi wa Uganda aanzaye kujifunza Kiswahili katika shule ya sekondari haingii darasani mikono mitupu. Huja na lugha ya mama aliyonyonya nyumbani, na huja na Kiingereza alichokariri tangu darasa la chini. Aghalabu akitaka kutunga sentensi ya Kiswahili haanzi na lugha ya mama. Huanza na Kiingereza, kwa kuwa ndicho alichofundishwa kuandikia. Matokeo yake ni maneno ya Kiswahili yaliyovishwa juu ya mifupa ya Kiingereza.

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayompoteza mwanafunzi, sidhani kama lipo linaloshinda kitenzi kidogo "get". Kamusi ndogo ya mkobani humwambia kwamba "get" ni "pata", naye hulishika jambo hilo kama sheria. Basi akitaka kusema kuwa mzee fulani alikunywa pombe hata akalewa, huandika "Mzee amepata kulewa". Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Kwa Mswahili, "Mzee amepata kulewa" maana yake ni kwamba katika maisha yake mzee huyo aliwahi kulewa, huenda miaka thelathini iliyopita. Mwandishi alikusudia habari ya jana usiku, msomaji akapokea habari ya zamani. Katika insha ya darasani hasara yake ni alama moja au mbili. Katika maelezo ya shahidi polisi, au katika maswali ya daktari kwa mgonjwa, hasara yaweza kuwa kubwa zaidi. Daktari aulizaye "Umepata kuugua kifua kikuu?" anauliza habari za umri mzima wa mgonjwa, wala haulizi juu ya wiki hii.

Makala haya yanakusudia kueleza kitenzi "get" kilitoka wapi, kilipataje maana nyingi kiasi hicho, na kwa nini "pata" ya Kiswahili hufuatana nacho mpaka mahali fulani kisha ikaachana nacho. Twaamini kwamba mwalimu aijuaye historia hii ataweza kumwongoza mwanafunzi vyema kuliko mwalimu anayemwambia tu kuwa "hivyo sivyo".

Asili ya neno

Asili ya mbali ya "get" ni mzizi wa kale sana ambao wataalamu wa lugha za Ulaya huupa maana ya kushika au kukamata. Mzizi huo ulizaa matawi mengi. Katika Kilatini ulizaa kitenzi "prehendere", yaani kukamata, na kutokana nacho Wafaransa wana "prendre", neno wanalolijua wenzetu wa Kongo na Burundi waliosoma Kifaransa. Kwa hiyo "get" na "prendre" ni ndugu wa mbali, ingawa hawafanani sura.

Katika Kiingereza cha Kale, yaani lugha iliyosemwa kabla ya mwaka 1066, mzizi huu haukutembea peke yake. Ulionekana zaidi ndani ya maneno yenye viambishi awali. Palikuwa na "begietan", kupata. Palikuwa na "forgietan", kusahau. Na palikuwa na "ongietan", kutambua. Tazama jinsi maana zinavyoshikamana. Kutambua ni kukamata jambo kwa akili, na kusahau ni kuliachilia likuponyoke. Sisi nasi twasema kwamba mtoto "ameshika somo", au kwamba jambo "limemponyoka". Akili ya binadamu hupita njia zile zile hata pale ambapo lugha hazina udugu wowote.

Jambo moja la matamshi litatusaidia. Katika Kiingereza cha Kale herufi "g" iliyotangulia irabu kama "e" au "i" ilitamkwa kama "y" yetu. Kama neno hilo lingaliendelea kukua nyumbani bila kuguswa na mgeni, Waingereza leo wangalitamka kitu kama "yet". Hata mshairi Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, bado aliandika neno la kusahau kwa "y". Hiyo "g" nzito inayosikika leo katika "get" na katika "forget" ni alama ya mgeni.

Ujaji wa Wadani

Mgeni huyo alitoka ng'ambo ya bahari. Mwaka 793 mabaharia wa Skandinavia, ambao twawaita Wavikingi, waliishambulia nyumba ya watawa ya Lindisfarne katika pwani ya kaskazini mashariki ya Uingereza. Mwaka 865 lilifika jeshi kubwa lisilokusudia kurudi. Baada ya vita vingi mfalme Alfred alifanya mapatano na kiongozi wao Guthrum mwaka 878, na sehemu kubwa ya mashariki na kaskazini ya nchi ikabaki chini ya sheria za Wadani. Tangu mwaka 1016 hata mwaka 1035 Uingereza nzima ilitawaliwa na mfalme Mdani, Cnut.

Vita hupita, lakini majirani hubaki. Wadani walilima, wakaoa, wakajenga vijiji ambavyo majina yake yangali yanaishia kwa "-by", mathalani Derby na Whitby. Lugha yao na lugha ya Waingereza zilikuwa za ukoo mmoja, hata Mdani na Mwingereza waliweza kuelewana sokoni kwa taabu kidogo, kama Mganda na Msoga wanavyoweza kuelewana. Katika kuishi huko maneno mengi ya Wadani yaliingia katika Kiingereza, wala hayakuwa maneno ya anasa. Yalikuwa maneno ya jikoni na ya shambani, mfano "egg", yaani yai, "knife", yaani kisu, na "window", yaani dirisha. Kiingereza kiliazima hata kiwakilishi "they", yaani wao. Ni nadra sana lugha kuazima viwakilishi, na jambo hilo ladhihirisha jinsi watu hao walivyochanganyika.

Pamoja na maneno hayo alikuja kitenzi "geta". Katika lugha ya Wadani na Wanorwe wa kale neno hilo lilikuwa tayari na maana kadhaa: kupata, kuzaa, kukisia, na kuweza. Wanorwe waliohamia kisiwa cha Iceland walikwenda nalo huko, na hata leo Mwaislandi akitaka kusema kwamba anaweza kufanya jambo hutumia "geta". Katika maandishi ya Kiingereza kitenzi hiki kinaonekana kikisimama peke yake karibu mwaka 1200. Zaidi ya karne tatu zilikuwa zimepita tangu Wadani walipotua. Yaelekea kilikuwa vinywani mwa watu siku nyingi kabla ya kufika kalamuni, maana lugha ya sokoni huchelewa kuandikwa.

Nafasi zilizoachwa wazi

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha habari yetu. Kwa nini neno hili la kuazimwa likaenea namna ile? Jibu haliwi katika neno lenyewe tu. Limo katika yale yaliyopotea kandokando yake.

Kiingereza cha Kale kilikuwa lugha ya viambishi vingi. Kilikuwa na uwezo wa kutwaa neno la sifa na kulifanya kitenzi cha kugeuka hali. Kutokana na neno lenye maana ya "-zee" palikuwa na kitenzi "ealdian", kuzeeka. Palikuwa na "wearmian", kupata joto, na "colian", kupoa. Tena palikuwa na kitenzi "weorthan", maana yake kuwa baada ya kutokuwa, ambacho kilitumika vilevile kuunda kauli ya kutendwa. Ndugu yake wa Kijerumani, "werden", yu hai hata leo na anafanya kazi zote mbili.

Kati ya karne ya 11 na karne ya 15 sehemu kubwa ya viambishi hivyo ililika ikatoweka. Wapo wataalamu wanaosema kwamba mchanganyiko wa Wadani na Waingereza uliharakisha jambo hilo. Mizizi ya maneno ilikuwa inafanana, miisho ndiyo iliyotofautiana, basi watu wakaachana na miisho wakashika mizizi. Wengine hutaja mkazo wa sauti, ambao ulikaa mwanzoni mwa neno na kuidhoofisha miisho. Huenda sababu zote mbili zilisaidiana. Lililo hakika ni kwamba "weorthan" alikufa, na vitenzi vingi vya namna ya "ealdian" vikafa pamoja naye.

Kisha likatukia jambo la pili. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, na kwa karne kadhaa lugha ya jumba la mfalme na ya mahakama ilikuwa Kifaransa, na ya kanisa na ya wanachuoni ilikuwa Kilatini. Maneno ya heshima ya kupata na kupokea yakatoka huko: "obtain", "receive", "acquire". Neno "get" likabaki kwa mkulima, fundi, na mama jikoni. Neno la watu wengi, litumikalo kila saa, ndilo liwezalo kubeba mizigo mingi. Nafasi zilikuwa wazi, na mtumishi alikuwa tayari mlangoni.

Jinsi maana zilivyoenea

Maana ya kwanza ilikuwa kupata kitu. Katika karne ya 14 "get" ilianza kutumika kwa kufika mahali, maana mtu akifika mji fulani ni kana kwamba ameupata. Kutokana na hapo yalikuja matumizi ya kuinuka, kutoka, kuingia na kushuka, kila moja likitofautishwa na neno dogo lifuatalo nyuma ya kitenzi.

Mwishoni mwa karne ya 16 ilianza kutumika kwa kugeuka hali, yaani kuchoka, kulowa, kuzeeka. Hapo "get" ilikuwa imeketi katika kiti cha marehemu "weorthan". Karibu wakati huo huo usemi "have got", ambao kwa asili ni "nimepata", ukaanza kuwa na maana ya "ninacho". Jambo hilo halishangazi, kwa kuwa aliyekwisha kukipata kitu anacho. Katika karne ya 17 kitenzi hiki kilichukua hata kazi ya kauli ya kutendwa, hasa pale ambapo jambo linamfikia mtu ghafula au kwa madhara, mfano kuuawa au kuumizwa. Na katika karne ya 19 ilipatikana maana ya kuelewa, kama anaposema mtu kwamba amelipata neno. Hivyo neno lilirudi karibu na pale lilipokuwa "ongietan", kutambua, karne kumi nyuma.

Waingereza waliokwenda kuishi Marekani katika karne ya 17 walichukua pia umbo la kale "gotten". Huko Uingereza umbo hilo lilififia, lakini Wamarekani wanalo mpaka leo na wanalitumia kwa kupambanua: "have got" ni kuwa na kitu, "have gotten" ni kuwa umekipata au umegeuka hali. Mwanafunzi akikutana na maumbo hayo mawili asidhani kwamba moja ni kosa. Wamarekani walihifadhi kilichoachwa na wenyeji.

Lawama za wakubwa wa lugha

Neno lililotoka sokoni halikosi wa kulidharau. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa mwaka 1755 alilalamika katika dibaji juu ya aina ya vitenzi ambavyo maana zao ni pana na legelege hata ni taabu kuzifuatilia, na katika orodha yake ya vitenzi hivyo alikitaja "get". Baadaye walimu wengi wa Kiingereza waliwakataza wanafunzi wao kukitumia katika insha, wakitaka mahali pake liwekwe neno la Kilatini au la Kifaransa. Katazo hilo lilisafiri pamoja na shule za Kiingereza hata likafika makoloni.

Lakini mwaka 1930 mtaalamu mwingine wa Kiingereza, C. K. Ogden, alipotaka kuunda Kiingereza rahisi cha maneno 850 kwa ajili ya wageni, alibakiza vitenzi 18 tu, na "get" ni kimojawapo. Johnson aliona mzigo, Ogden aliona mchukuzi. Wote wawili walisema kweli. Vitenzi vidogo vya namna hii ndivyo vinavyoubeba usemi wa kila siku, na ndivyo vinavyomchosha mgeni kuliko maneno marefu ya vitabuni.

"Pata" ya Kiswahili

Sasa turudi nyumbani. Mtu asidhani kwamba "pata" ya Kiswahili ni neno jembamba. Nalo lina upana wake na siri zake.

Mtu hupata kazi, hupata mtoto, hupata ajali, hupata hasara. Jambo nalo humpata mtu: "Yamempata makubwa." Jua likifunikwa na mwezi twasema "kupatwa kwa jua". Kisu kikali "kinapata", na kisu butu "hakipati". Tukikadiria idadi twasema "yapata watu mia". Tukieleza kusudi twasema "Njoo karibu upate kusikia". Tukieleza lililowahi kuwa, au lisilowahi, twasema "Sijapata kumwona". Kwa mnyambuliko tuna "patia", "patana", "patikana" na "patanisha". Na kwa majina tuna "pato", "mapato", "mpatanishi" na "upatanisho". Methali yetu yasema kupata si werevu na kukosa si ujinga, nayo yaonyesha kwamba Mswahili huona ndani ya neno hili mkono wa bahati na majaliwa, si nguvu za mshikaji peke yake.

Tukilinganisha, twaona kwamba "get" na "pata" zimetembea pamoja sehemu kubwa ya njia. Zote mbili husema juu ya kuwa na mtoto. Zote mbili zimeelekea upande wa nafasi ya kutenda jambo, kama "geta" ya Iceland ilivyoelekea upande wa kuweza. Lakini kwenye njia panda moja zimeachana kabisa, nayo ni njia ya kugeuka hali. "Get" ilikwenda huko, "pata" haikwenda. Twaweza kusema "kupata joto" au "kupata wazimu", kwa kuwa joto na wazimu ni majina, ni vitu viwezavyo kumjia mtu. Hatusemi "kupata -zee" wala "kupata -levu".

Kwa nini? Kwa sababu Kiswahili hakikuwa na nafasi wazi ya kuzibwa. Kile ambacho Kiingereza kilikipoteza, Kiswahili kingali nacho. Mtu huzeeka, hulewa, huchoka, hulowa, hukasirika, hunenepa, hutajirika, hupotea. Kikombe huvunjika, na kama yupo aliyekivunja kwa mkono wake huvunjwa. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, nao wawili huoana, hali Mwingereza kwa hayo yote huweza kutumia usemi mmoja tu. Mtu huinuka, huingia, hutoka, hushuka, hurudi, hufika, wala hahitaji neno dogo la kumsukuma kwa nyuma. Gari bovu hutengenezwa, na mwenye gari asiyejua ufundi hulitengenezesha. Kazi ambayo "get" huifanya kwa kuomba msaada wa maneno mengine, Kiswahili huifanya ndani ya kitenzi kwa -ka, -wa, -ana na -sha.

Basi mwanafunzi asemaye kwamba Kiswahili ni maskini kwa kuwa hakina neno moja lenye maana zote za "get" ameigeuza historia miguu juu. "Get" ilienea kwa sababu ya upungufu uliotokea. Wala hatusemi kwamba Kiingereza nacho ni maskini. Lugha hiyo ilipotelewa na chombo, ikafua kingine, na kazi ikaendelea. Kila lugha ina njia yake ya kufika sokoni.

Darasani

Faida ya historia hii kwa mwalimu ni ipi? Naona tatu.

Kwanza, yatupasa kuacha kufundisha kwa jozi za maneno. Mwalimu anayeandika ubaoni "get = pata" amempa mwanafunzi ufunguo wa mlango mmoja akamwambia ni wa nyumba nzima. Afadhali mwanafunzi ajiulize kwanza: Je, hapa mtu amepokea kitu? Amefika mahali? Amegeuka hali? Ametendwa? Amemfanya mwingine atende? Akishapata jibu atachagua kitenzi na mnyambuliko wake. Zoezi jema ni kumpa sentensi kumi za Kiingereza zenye "get" na kumtaka azifasiri bila kutumia "pata" hata mara moja, kisha kumpa kumi za Kiswahili zenye "pata" azifasiri bila kutumia "get". Darasa litacheka, lakini litajifunza.

Pili, na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, mwanafunzi wetu mwenye lugha ya Kibantu hahitaji kupitia Uingereza ili afike Kiswahili. Mganda anayo "okukaddiwa", kuzeeka, "okukoowa", kuchoka, "okutamiira", kulewa. Mnyarwanda anayo "gusaza" kwa kuzeeka na "gusinda" kwa kulewa. Kila moja ni kitenzi kimoja kizima, kama ilivyo katika Kiswahili. Mtoto aliyekwisha kunyonya mambo hayo nyumbani hukosea tu pale anapoiacha lugha ya mama mlangoni akaingia na Kiingereza. Mwalimu akimwuliza "Nyumbani mwasemaje?" mara nyingi atakuwa amekwisha kumpa jibu.

Sisemi kwamba lugha ya mama haina mitego yake. Mnyarwanda hutumia "kubona" kwa kuona na kwa kupata pia, hivyo aweza kusema "nimeona kazi" akiwa na maana kwamba ameajiriwa. Tena si wanafunzi wote ni Wabantu. Ndugu zetu Waacholi, Walango na Wateso wana lugha za asili nyingine, na kwao mwalimu atautegemea zaidi mfano hai na vitendo: avunje kijiti, kisha aonyeshe kijiti kilichovunjika. Lakini kwa wote kanuni ni moja, ya kwamba maana itangulie, na neno lifuate.

Tatu, historia hii yatufundisha uvumilivu. Kiswahili kinachosemwa katika masoko, vituo vya magari na kambi za askari huku bara hupunguza upatanisho wa ngeli na hukata minyambuliko. Sababu zake hazitofautiani sana na zile zilizokipunguzia Kiingereza miisho yake: watu wa lugha mbalimbali wamekutana, wana haraka, na wanataka kuelewana. Mwalimu asiwatukane wasemao hivyo. Ni hao waliokifikisha Kiswahili kwetu kabla ya kitabu chochote kufika. Hata hivyo kazi ya mwalimu ni kuhakikisha kwamba mwanafunzi anavijua vyombo vyote vya lugha kabla hajaamua kuviacha. Kiambishi kisichofundishwa kizazi kimoja huwa kigeni kwa kizazi kinachofuata.

Hitimisho

Nchini Uganda Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaazimia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Rwanda nayo ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Maazimio hayo yatawaleta mbele yetu watoto wengi ambao Kiingereza ndiyo lugha yao ya kalamu. Wataandika "amepata kulewa", "nilipata kuamka" na "tulipata kupotea", nao watakuwa na sababu zao.

Ni juu yetu kuzijua sababu hizo. Kitenzi kilicholetwa na mashua za Wadani, kikapokelewa na wakulima, kikashika zamu ya vitenzi vilivyokufa, sasa kimefika katika madaftari ya watoto wa Mbale na Mbarara kikitaka kushika zamu ya vitenzi vilivyo hai. Zeeka, choka, lewa, lowa, potea na vunjika havijafa. Tuvifundishe mapema, tuvifundishe kwa mifano ya lugha za nyumbani, na "pata" tuiachie kazi zake yenyewe, ambazo ni nyingi na zinatosha.